Kuleta mzigo kutoka Kariakoo mpaka dukani mkoani: hesabu zake

Wengi tukifika Kariakoo akili yote iko kwenye bei ya jumla, tunabana mpaka mia mbili, afu mzigo ukifika Songea tunashangaa faida imeenda wapi. Bei ya Kariakoo bado sio bei ya mzigo, bei yenyewe unaijua ukishaupanga dukani.

Chukua chupa za chai. Umenunua 48 kwa 15,000, hiyo 720,000. Weka guta, kuli, lori, na bajaji ya kutoka stoo ya mizigo mpaka dukani, tuseme vyote 53,000. Unafungua katoni, mbili zimepasuka vioo. Sasa 773,000 gawa kwa 46, sio 48, inakuja kama 16,800 kila chupa. Kama ulishamwahidi mteja 17,000 basi umemfanyia kazi mwenye lori, na hapo nauli yako na chipsi mayai za Dar sijaweka.

Basi linawahi ila bei imesimama, lori nafuu lakini linasubiri lijae. Ndoo za plastiki hazina uzito ila zinakula nafasi na utalipia nafasi hiyo hiyo, kwa hiyo zipachike, ile ya juu ijaze vikombe.

Mzigo ufungwe unaona. Andika kwa makapeni jina, mji na namba ya simu, pande mbili, na kila katoni iwe na 1/4, 2/4 mpaka mwisho. Mi niliwahi kuandika juu ya solotepu, ikabanduka njiani, katoni moja ikashushwa Njombe, wiki nzima nikawa wa kupiga simu tu. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iende na mzigo maana TRA, watu wa mapato, wakisimamisha gari wanaiulizia, wewe baki na picha. Ukifika hesabu kwanza ndo usaini.

Na usisubiri ziishe ndo uagize. Ukiuza chupa 3 kwa siku na mzigo unachukua siku 6 kufika, hapo 18 zitatoka ukiwa unasubiri, ongeza 9 za tahadhari, yani zikibaki 27 piga simu. Masika naongeza tena siku mbili, lori likilala mlima Kitonga kule Iringa, foleni yote inalala nalo.