Kuchagua masomo na kombi sekondari: anzia mwisho, rudi nyuma

Wengi wanachagua kombi, yani yale masomo matatu ya kidato cha tano na sita, kwanza halafu ndo wanaanza kuuliza itawapeleka wapi. Geuza. Anza na kazi au kozi unayoitaka, angalia chuo kinataka masomo gani ya kidato cha sita, uone hayo masomo yanataka nini kidato cha nne, halafu urudi mpaka pale mwanzoni mwa kidato cha tatu unapoambiwa chagua masomo, maana mlango wa kwanza unafungwa pale na wengi hawajui hata kama umefungwa.

Naandika kwa madogo wa huku Mwanza, Ilemela, Sengerema, Ukerewe na wazazi wao, ila taratibu ni za nchi nzima kwa hiyo hata ukiwa Bukoba au Musoma soma tu.

Kidato cha tatu, pale pale

Kwa wanaosoma mtaala wa zamani kuna masomo saba hayaepukiki: Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Baiolojia na Hisabati. Juu ya hapo ndo unaongeza, kuna anayebaki na Fizikia na Kemia, kuna anayekwenda biashara, kuna anayebaki na saba zake tu. Sasa angalia kinachotokea. Dogo anaona Fizikia ngumu, mwalimu wa Fizikia yuko mmoja shule nzima na vipindi anavyoingia unavihesabu kwa vidole, anaiacha. Anakaa kwa amani miaka miwili. Anamaliza kidato cha nne, mama anasema mwanangu nenda kasome unesi upate kazi pale hospitali ya Bugando au hata zahanati ya kijijini, wanafungua tangazo la chuo wanakuta inatakiwa pasi nne za kuanzia D kwenye masomo yasiyo ya dini, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Imeisha. Na hapo hatujaongelea udaktari wala digrii, huo ni unesi na utabibu wa ngazi ya cheti na diploma.

Kwa hiyo ushauri wangu, na najua walimu wengine hawatakubaliana na mimi: kama hujui bado unataka nini, usiache Fizikia na Kemia kidato cha tatu. Hata D ya Fizikia inafungua vitu ambavyo kutokuwa na Fizikia kabisa hakuvifungui. Na haikuharibii divisheni pia, maana divisheni inahesabiwa kwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, ukisoma tisa yale mawili mabaya yanakaa pembeni.

Hapo hapo kuna kitu kuhusu dini. Somo la dini linakubeba kwenye hesabu ya divisheni, safi kabisa, ila vyuo vingi vikihesabu zile pasi zako vinaliruka. Kwa hiyo mtu anajiona ana pasi nne kumbe kwa chuo ana tatu.

Walioanza kidato cha kwanza kuanzia 2025 wao wako mtaala mpya wenye mikondo miwili, wa jumla na wa amali, yani wa ufundi na stadi za kazi. Amali isichukuliwe ni ya waliofeli, huo ni utani mbaya wa mtaani. Huku kwetu Bwiru Boys ni shule ya ufundi ya miaka mingi na hakuna mtu anayewacheka. Ila ukiingia amali ingia kwa kujua, uliza fani gani shule inafundisha na kama karakana ipo kweli na vifaa vinafanya kazi, usiishie kusoma ubao wa getini.

Jifunze kuhesabu mwenyewe

Usingoje mtu wa steshenari akuhesabie. Kidato cha nne A ni 75 mpaka 100, B 65 mpaka 74, C 45 mpaka 64, D 30 mpaka 44, chini ya hapo F. Pointi zake A ni 1, B 2, C 3, D 4, F 5, yani pointi ndogo ndo nzuri. Unachukua saba bora unajumlisha: 7 mpaka 17 divisheni ya kwanza, 18 mpaka 21 ya pili, 22 mpaka 25 ya tatu, 26 mpaka 33 ya nne, zaidi ya hapo ziro.

Tuchukue binti wa Igoma, wa mfano tu. Kiswahili B, Baiolojia B, Uraia C, Jiografia C, Kiingereza C, Kemia C, Historia D, Fizikia D, Hisabati F. Saba bora ni 2+2+3+3+3+3+4, jumla 20, divisheni ya pili. Nyumbani wanachinja kuku. Sasa kwenda kidato cha tano serikalini divisheni peke yake haitoshi, anatakiwa awe na krediti zisizopungua tatu, yani A, B au C, na yale masomo matatu ya kombi anayotaka yakijumlishwa yasizidi pointi 10 na pasiwe na F humo ndani. Tumpime, na ujue herufi za kombi ni za majina ya masomo kwa Kiingereza: P Fizikia, C Kemia, B Baiolojia, G Jiografia, H Historia, K Kiswahili, L Kiingereza, M Hisabati, E Uchumi. PCB: Fizikia 4, Kemia 3, Baiolojia 2, jumla 9, anaingia. CBG: 3+2+3, jumla 8, anaingia vizuri zaidi. HKL: 4+2+3, 9, anaingia. HGL: 4+3+3, 10, anaingia kwa kugusa ukuta. PCM hapana, Hisabati ana F. EGM na PGM hapana, sababu ni hiyo hiyo.

Umeona F moja ya Hisabati ilivyofanya kazi? Haikugusa divisheni hata kidogo ila imemfungia kombi zote zenye M. Na haiishii hapo, huko mbele kozi nyingi za uchumi, uhasibu na za kompyuta zinataka kama hukusoma Hisabati advansi, yani kidato cha tano na sita, basi uwe umefaulu ile hesabu ndogo ya advansi, BAM, au uwe na angalau D ya Hisabati ya kidato cha nne. Ndo maana nasema mtu anayetaka kulala mtihani wa Hisabati kwa sababu "haihesabiki" amedanganywa na wenzake wa bweni.

Kombi ipi sasa

Kombi sasa hivi rasmi zinaitwa tahasusi, na 2024 serikali iliongeza 49 mpya juu ya 16 zilizokuwepo, zikawa 65. Orodha ndefu hiyo isikupagawishe. Kombi kuwepo kwenye karatasi ni jambo moja na shule kuwa na mwalimu wake ni jambo lingine, na kabla ya kuchagua kitu kipya kabisa piga simu shuleni, au mtafute mwanafunzi anayesoma pale akwambie ukweli.

Rudi kwa binti wetu. Anataka udaktari, kila mtu nyumbani anataka udaktari. CBG anaipata kirahisi, Jiografia anaiweza, lakini CBG haimpeleki udaktari hata apate A tatu, kwa sababu digrii ya udaktari inataka prinsipo, yani ufaulu wa A mpaka E kidato cha sita, za Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu. Kwa hiyo swali la kweli sio ipi nzuri kati ya PCB na CBG. Swali ni je, yuko tayari kukaa miaka miwili na Fizikia aliyoipatia D, akiwa na BAM juu yake wakati Hisabati ana F? Kama jibu ni ndiyo kwa moyo wote na kuna hela ya tuisheni au shangazi mwalimu, aende. Kama jibu ni "baba ndo anataka", CBG ina maisha yake: kilimo, mazingira, ualimu wa Baiolojia na Jiografia, uvuvi na ufugaji wa samaki. Na sisi tunaishi juu ya ziwa jamani! Chuo cha uvuvi, FETA, kipo hapo Nyegezi, vizimba vya samaki vinaongezeka kila mwaka ziwani, halafu mtoto wa Kayenze anasomea kitu ambacho hajawahi kukiona kwa macho kwa sababu tu jina lake linasikika vizuri.

Nyingine nitapita haraka. Uhandisi ni PCM, na baadhi ya kozi za ujenzi na upimaji ardhi zinapokea PGM. Uchumi, takwimu, uhasibu, benki ni EGM, ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu), HGE. Sheria, uandishi wa habari, ualimu wa sanaa ni HKL, HGL na ndugu zake, na kwa hizo chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe ina jina la muda mrefu, usidharau sanaa eti ni za wasiojua hesabu.

Kidato cha sita hesabu inageuka

Hapa watu wanapotea sana. Advansi madaraja ni A, B, C, D, E, halafu S, halafu F. A mpaka E ndo prinsipo, S sio. Kwenye divisheni A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6, F 7, na divisheni ya kwanza ni 3 mpaka 9, ya pili 10 mpaka 12, ya tatu 13 mpaka 17. Lakini TCU, tume ya vyuo vikuu, wakihesabu kukuingiza chuo kikuu wanageuza: A 5, B 4, C 3, D 2, E 1, sasa kubwa ndo nzuri. Sharti la chini kabisa ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4.0 kwenye masomo yanayohitajika na kozi husika.

Chukua watu wawili wa PCB. Mmoja ana Baiolojia C, Kemia D, Fizikia S, divisheni yake 3+4+6 ni 13, ya tatu. Mwingine ana D, D, E, nayo 4+4+5 ni 13, ya tatu vilevile. Wote wawili wana sifa ya kuingia chuo kikuu. Udaktari? Wa kwanza hana prinsipo ya Fizikia, basi. Wa pili anazo tatu lakini jumla 2+2+1 ni 5 na udaktari unaanzia 6, kwa hiyo naye kakosa kwa pointi moja. Ndo maana mtu akiniambia "nina three naweza kusoma nini" namwambia nitajie masomo na herufi zake kwanza, divisheni peke yake hainisaidii kitu.

Na sharti la chini sio tiketi. Kozi zinazogombaniwa zinajaa na watu wenye alama za juu zaidi, hivyo ukiomba changanya, weka unayoitamani na weka ambayo unaiweza kweli.

Ikigoma

Kama kidato cha nne hukufikisha krediti tatu unaweza kurisiti, yani kurudia mtihani, kama mtahiniwa wa kujitegemea, unajiandikisha kwenye kituo cha mitihani kinachotambulika na baraza la mitihani, NECTA, na unafanya Novemba pamoja na wa shule. Risiti masomo unayoyahitaji tu, usirudie saba kwa hasira. Mtu wa unesi aliyekosa Fizikia arisiti Fizikia, basi, aweke nguvu hapo mwaka mzima.

Njia ya diploma pia wazazi wanaidharau bila sababu. Ukiwa na pasi nne unaanza cheti, unapanda diploma, na ukifaulu vizuri unaingia digrii kwa mlango huo. Hapa mjini hatuna hata haja ya kwenda mbali, vyuo vya CBE, IFM na TIA wote wana tawi Mwanza, DIT wana kampasi hapa, VETA ipo Nyakato. Aliyeenda diploma saa nyingine anaajirika mapema kuliko mwenzake aliyeng'ang'ania advansi akatoka na ziro.

Selform, msiifanye kwa simu ya jirani usiku

Machaguo unayajaza ukiwa bado kidato cha nne, na matokeo yakitoka serikali inafungua mfumo wa mtandaoni wa Selform ili ubadilishe kombi au chuo kulingana na ulichopata. Muda huo una mwisho na ukipita umepita, utapangwa kwa ulichojaza zamani wakati bado unaota PCM. Kwa hiyo matokeo yakitoka kaa chini na kalamu, pima kombi zako kama tulivyompima binti wa Igoma, ingia mwenyewe na mzazi pembeni, namba ya mtihani na nywila usimwachie mtu wa steshenari "akufanyie baadae" halafu we ukapande daladala, maana wapo waliokuta wamechaguliwa kombi wasiyoijua. Ukimaliza chapa nakala yenye machaguo yako, uitunze na cheti cha kuzaliwa.

Na ujue unaweza kutaka shule za hapa kama Nsumba au Nganza ukapelekwa Tabora au Kigoma. Ada ya kidato cha tano na sita shule za serikali ilifutwa 2022, lakini nauli, godoro, sare, na ile orodha ya kwenye fomu ya kujiunga viko palepale, na masomo yanaanza Julai. Anzeni kuweka hela tangu Februari, mkisubiri majina yatoke mtakuta mna wiki chache tu za kutafuta vyote.