Somo: Venye utapata ngoma mpya kupitia pleilisti za watu wa kazini

Habari wadau. Nimeulizwa mara nyingi nilianza aje kusikiza vitu vimechanganyika hivi, asubuhi rumba, jioni taarab, usiku kitu cha kimya kimya hakina hata ngoma ya kupiga mguu, na jibu ni moja tu, watu wa kazini. Mimi niko idara ya hesabu kwa kampuni moja huku Industrial Area, tuko tisa kwa chumba kimoja na stoo iko ukuta wa pili, na kwa miaka mitatu nilikaa nao bila kujua wanaweka nini masikioni. Simu yangu ilikuwa inanipea vitu vile vile, ukisikiza gengetone leo kesho inakuletea gengetone nyingine, inajua tu penye umeshafika. Mtu akikupea ngoma anakupea na kwao pia, na ndio maana naandika hii.

Hatua ya 1: Uliza swali la maana

Usiulize mtu "unapenda muziki gani". Atakwambia "zote tu" na mazungumzo yameisha. Uliza hivi: kwenu ukiwa mtoto Jumapili kulikuwa kunachezwa nini? Ama: ngoma gani ikianza ukiwa kwa matatu unatamani jamu iendelee? Mama wa stoo, ambaye mimi nilikuwa namjua kwa kusaini tu, nilipomuuliza hilo swali la kwanza akaweka kalamu chini akaniambia babake alikuwa na santuri za D.O. Misiani, yule wa benga, na hakuna mtu alikuwa anaruhusiwa kuzigusa isipokuwa yeye, kitinda mimba. Tuliongea mpaka lanchi ikaisha.

Hatua ya 2: Kila mtu ngoma 10, na sababu

Kumi, usizidishe. Ukimpea mtu nafasi ya 100 atakutupia zote bila kufikiria, ukimpea 10 itabidi achague na hapo ndio unamjua. Sisi tuliongeza masharti mawili, angalau 2 ziwe za kwenu, na moja iwe ile unaipenda lakini unaogopa kuicheza mbele ya watu.

Iandikwe kwa grupu ya WhatsApp kama maandishi ya kawaida, jina la msanii, jina la ngoma, halafu laini moja ya kusema kwa nini. Usitume linki peke yake. Spotify ilifika Kenya rasmi Februari 2021 lakini wengi ofisini kwetu bado wako Boomplay, app nyingine ya muziki, wengine YouTube, na linki ya huku haisaidii mtu wa kule. Tena ngoma za zamani majina yanaandikwa kila namna, kwa hivyo ukijua msanii utaitafuta mpaka uipate.

Hiyo laini ya sababu tafadhali msiiache, kwangu inashinda hata ngoma yenyewe.

Hatua ya 3: Kusikiza kwenyewe

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Tumezoea kupea ngoma sekunde 20 na kidole kiko tayari kuruka. Rumba ya Kongo haikutengenezewa hiyo haraka. Mwanzo inaenda pole pole, watu wanaimba, wanalia mapenzi, halafu mbele huko waimbaji wanaachia magitaa uwanja na inakuwa ni kucheza mpaka mwisho, hiyo sehemu ndio inaitwa sebene, na ngoma za Franco, yule nguli wa rumba ya Kongo, za miaka ya 80 zingine zinapita dakika 10 kwa hivyo ukiruka mapema hujasikia kitu. Dereva wetu alipotuletea Samba Mapangala na Orchestra Virunga, bendi iliyoanzishwa hapa hapa Nairobi 1981, laini yake ilisema "msitoke kabla magitaa hayajaanza kujibizana". Nilitii, na nikapitwa na stegi yangu.

Kama rumba ya Kilingala inakupiga chenga, anza na Simba Wanyika ama Les Wanyika. Simba Wanyika ni ya ndugu wa kina Kinyonga kutoka Tanga walioleta bendi yao Nairobi, wakina Les Wanyika wakajitoa kwao 1978, na wote waliimba Kiswahili kwa hivyo maneno unayashika siku ya kwanza.

Benga nayo, ule muziki wa magitaa wa Wajaluo, niliisikiza vibaya miaka mingi, nilidhani ni kelele ya baa. Mama wa stoo akaniambia fuata gitaa moja tu, ile ya juu, sahau zingine. Hiyo gitaa inadonoa vile nyatiti inadonolewa, nyatiti ni kile chombo cha Wajaluo cha nyuzi nane. Jioni hiyo nikamtafuta Ayub Ogada, ambaye ni nyatiti na sauti basi, halafu nikarudi kwa Misiani, na ghafla nikasikia kitu kimoja kwa wote wawili. Na huyo Misiani anayeitwa mfalme wa benga ya Kenya alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania, ndio maana bendi ikaitwa Shirati Jazz.

Taarab usisikize peke yako mara ya kwanza. Tuko na kaka mmoja wa Mombasa Mji wa Kale, aliweka Juma Bhalo, na mimi nikasikia mapenzi tu. Tukiwa tunakula chapati na maharagwe akaisimamisha kila mstari akanifungulia fumbo, kumbe mtu anasemwa hapo vibaya sana na hakuna tusi hata moja limetajwa. Kutoka hapo akanirudisha nyuma mpaka kwa Siti binti Saad wa Zanzibar, ambaye 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi. Hizo rekodi zina mikwaruzo lakini vumilia, sauti iko.

Halafu kuna ile iliyonishika kuliko zote. Mhasibu wetu mkubwa, mzee wa Murang'a, aliweka Joseph Kamaru, wa Kikuyu, nyimbo za mawaidha na siasa. Kijana wa kompyuta hajaona orodha ya mzee, yeye akaweka KMRU, ule muziki wa kimya kimya nimetaja, sauti za mazingira zinavutwa polepole kama ukungu. Tulipoziweka pamoja kijana ndiye alituambia, KMRU pia jina lake ni Joseph Kamaru, ni mjukuu wa mzee Kamaru! Mzee wetu hakuwa anajua. Alivaa iafoni za kijana akasikiza Peel ya 2020 macho yamefungwa, dakika nyingi, halafu akasema tu "huyu ametulia kama babu yake akiwa anafikiria". Mzee Kamaru alifariki 2018.

Hatua ya 4: Bando

Fupi tu. Ukiweka ubora wa sauti wa chini, 96 kbps, unatumia karibu MB 43 kwa saa, ukiweka wa juu, 320, inakuwa MB 144. Kwa matatu yenye kelele hutasikia tofauti, weka ya chini. Ama daunlodi nyumbani kwa Wi-Fi.

Hatua ya 5: Rudisha jibu

Mwambie mwenye ngoma ni gani imekushika na ni dakika gani. Usiseme "iko poa". Ukisema "pale kwa dakika ya nne gitaa ikiingia" atakuletea zingine tano kesho yake, na zitakuwa nzuri kuliko zile 10 za kwanza.

Maswali ya wanachama

Swali (Kitengela): Siste asante kwa somo. Kwetu ofisini karibu wote ni injili tu, sasa hiyo si pleilisti moja?

Jibu: Hapana mpenzi. Dada mmoja wetu alileta 10 zote za injili, ndani kulikuwa na Joyous Celebration ya Afrika Kusini, kwaya za Tanzania, na injili ya Kongo yenye sebene kamili. Waulize za kanisa la utotoni mwao, utashangaa.

Swali (Rongai): Tunaweza cheza kwa spika badala ya iafoni? Tuko duka la vitambaa.

Jibu: Duka linaingia wateja, hiyo inahesabika kama kucheza hadharani na Sheria ya Hakimiliki inataka leseni, kwa hivyo mwenye duka aulizie kwanza. Mimi hata bila hiyo napendelea masikioni, kuna ngoma za mtu huwezi kuzielewa na mashine ya kuhesabu pesa inalia kando.

Swali (Umoja): Na kama lugha sielewi kabisa, nasikiza nini sasa?

Jibu: Chagua chombo kimoja ukifuate mwanzo mpaka mwisho, kama nilivyofanya na gitaa ya benga. Ya pili uliza mwenye ngoma mstari mmoja tu maana yake, ule anaoimba akiwa anatembea. Usimwombe akutafsirie yote.

Swali (Kawangware): Mimi ni soja wa usiku, niko peke yangu geti, sina wa kubadilishana naye.

Jibu: Uko na wa zamu ya mchana kaka, mnapatana saa kumi na mbili asubuhi mkipeana kitabu cha zamu. Mwachie jina moja la ngoma kwa karatasi ndani ya hicho kitabu, yeye akuachie yake jioni. Ukianza leo niambie ameandika gani, natamani sana kujua.