Sato wakipanda juu alfajiri usikimbilie dawa
Wadau wa mabwawa hapa Bagamoyo, ukiamka alfajiri ukakuta sato wamejaa juu wanahema midomo wazi usikimbilie duka la dawa, mara nyingi hapo hamna ugonjwa, ni hewa imeisha majini usiku, maana ule ukijani wa maji mchana unatoa oksijeni ila giza likiingia nao unaivuta, kwa hiyo siku hiyo simamisha chakula, ingiza maji mapya, kama una pampu yarushe juu yaanguke kwa kishindo. Jua likipanda wakashuka wenyewe ujue ndo ilikuwa hiyo.

Ila wakiwa wanajisugua kwenye kingo au wana utando kama pamba mgongoni, hapo ndo chumvi inaingia, na huku kwetu chumvi ya mawe ipo tele. Gramu 10 kwa lita moja, yaani ndoo ya lita 20 weka gramu 200, koroga iyeyuke kabisa, tumbukiza samaki dakika 10 hivi huku unawaangalia, akilala ubavu mtoe fasta hata kama muda haujafika. Wanaofuga samaki aina ya mwatiko hii haiwahusu sana, wale maji ya chumvi washayazoea.

Na antibayotiki za kuku kumwaga bwawani achaneni nazo jamani, fangasi haziui hata kidogo. Wakifa wengi kwa mkupuo mpigie afisa uvuvi, mizoga ifukie mbali na maji, usiwarushie bata.