Kufuatilia Joto la Prosesa Kabla Kompyuta Haijaanza Kujizima

Kompyuta inayojizima katikati ya kazi, au inayozorota ghafla huku feni ikivuma, mara nyingi imezidiwa na joto. Prosesa (CPU, yaani chipu kuu inayofanya kazi zote za hesabu za kompyuta) za kisasa haziungui kwa urahisi kama wengi wanavyodhani, kwa sababu zina vihisi joto ndani yake, na joto likifika kwenye kikomo kilichowekwa na mtengenezaji, ambacho kwa prosesa nyingi za Intel ni nyuzi 100 za Selsiasi na kwa nyingi za AMD ni 90 au 95, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe. Joto likizidi kupanda hata baada ya hapo, kompyuta huzimika. Ndiyo maana faida kubwa ya kufuatilia joto ni kugundua mapema kwamba kasi uliyoilipia inapotea.

Katika Windows, usitegemee Task Manager, kwani huonyesha asilimia ya matumizi ya prosesa bila kuonyesha joto lake. Pakua programu ya kusoma joto, HWiNFO au Core Temp, kutoka tovuti ya watengenezaji wenyewe. Ukifungua HWiNFO, chagua kuonyesha vihisi pekee, kisha utafute mstari wa CPU Package kwa Intel au Tctl/Tdie kwa AMD. Utaona safu nne: joto la sasa, la chini kabisa, la juu kabisa na wastani. Mimi huanza na ile ya juu kabisa, kwa kuwa hutunza kilichotokea wakati macho yako yalikuwa kwenye kazi nyingine. Kwa Linux, sakinisha programu ya lm-sensors, endesha amri ya sensors-detect mara moja ili itafute vihisi, kisha tumia amri watch sensors. Kipimo kilichomo kwenye BIOS, yaani programu ya mipangilio inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka, hakisaidii sana, kwa kuwa hakionyeshi joto la prosesa ikiwa kazini.

Nambari moja peke yake haina maana. Iache kompyuta itulie kwa dakika kumi bila kazi yoyote na uandike joto lake, ambalo kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 30 na 50. Halafu ipe kazi nzito, kama vile kubadili muundo wa video ndefu au kuendesha Cinebench, programu ya kupima nguvu ya prosesa, kwa muda wa robo saa, na uandike tena. Andika pia joto la chumba, kwa sababu chumba kikipata joto, prosesa nayo hupanda kwa kiasi kinachokaribiana. Nyuzi 60 hadi 85 chini ya kazi nzito hazina tatizo. Zikizidi 90 kwa muda mrefu, chunguza, ingawa prosesa za AMD za Ryzen 7000 zimeundwa kufika 95 kwenye kazi nzito, na kompyuta mpakato nyembamba nazo hukaribia huko mara kwa mara. Kinachoamua ni kasi: joto likigusa kikomo na kasi ikashuka chini ya ile ya msingi iliyotajwa na mtengenezaji, upoozaji umeshindwa.

Namna joto linavyopanda nayo hueleza mengi. Likiruka hadi kwenye kikomo ndani ya sekunde chache hata kwa kazi ndogo, shuku mguso kati ya prosesa na kipoozaji: grisi inayopitisha joto kati yao imekauka, skrubu zimelegea, au ile karatasi ya plastiki iliyo chini ya kipoozaji kipya haikubanduliwa, jambo linalotokea mara nyingi kuliko watu wanavyokiri. Likipanda polepole kwa dakika kadhaa bila kusimama, tatizo liko kwenye hewa: vumbi, matundu yaliyozibwa, au feni iliyochoka.

Kabla ya kusafisha, zima kompyuta na uchomoe waya wa umeme. Unapopuliza vumbi, izuie feni kwa kidole isizunguke, kwani kuzungushwa kwa kasi kupita kiasi kunaweza kuiharibu. Grisi ya zamani ifutwe kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzinyuzi, kisha uweke tone jipya la ukubwa wa punje ya mbaazi katikati na ukaze skrubu kwa kupishana kona. Baada ya hapo rudia jaribio lilelile, katika chumba chenye joto lilelile, ulinganishe na ulichoandika awali, kisha uweke kengele ya tahadhari ya HWiNFO nyuzi 5 juu ya kiwango kipya cha kazi nzito.