Kabla hujasaini mkopo: hesabu za mfanyabiashara mdogo wa Dar

Muulize mfanyabiashara mdogo yeyote wa Tandale, Buguruni au Mbagala kinachomkwamisha, atakujibu: mtaji. Anasema kweli, ila jibu limeishia njiani. Wengi wanaofunga biashara hapa mjini walipata mkopo, tena ndio uliowafunga. Ulikuwa mkubwa kuliko pengo lililotakiwa kuzibwa, na marejesho yake yalikimbia kuliko mauzo. Si bure watu wakaiita mikopo hiyo kausha damu.

Kwa hiyo anza na daftari, kabla ya ofisi yoyote.

Wiki mbili za kuandika

Nunua kaunta buku. Kila ukurasa uwe na safu nne: kilichoingia, kilichotoka, walichokopa wateja, na ulichochukua mwenyewe. Safu ya nne ndiyo inayorukwa na ndiyo inayoumiza: nauli ya mtoto, vocha, mboga ya jioni. Andika siku hiyo hiyo kabla hujalala. Ukisubiri Jumapili utakuwa unakisia, na makisio siku zote hupendelea faida. Kama unapokea pesa kwa simu, chukua lipa namba ya biashara, usitumie laini yako ya kawaida. Pesa ya ada ya shule na pesa ya unga zikikaa pamoja, hutajua ipi imeliwa.

Tuchukue mama anayeuza chapati Mbagala Rangi Tatu. Bei hizi ni za mfano, weka za kwako. Kwa siku anatumia unga kilo 5 kwa 10,000, mafuta lita moja 6,000, mkaa 3,000, chumvi na sukari 500, mifuko 500, usafiri 1,500. Jumla 21,500. Anapata chapati 55 za shilingi 500, yaani 27,500. Faida inaonekana ni 6,000.

Sasa soma safu ya tatu. Chapati tano kila siku zinakopwa na hazilipwi, au zinabaki. Hiyo ni 2,500 imetoka kwenye ile 6,000, na mkononi inabaki 3,500. Kwa siku sita za kazi ni 21,000 kwa wiki, na bado hajajilipa mshahara.

Angalia kinachomgharimu. Ananunua unga kwa kilo na mafuta kwa lita kwa sababu hana pesa ya kununua kwa jumla. Mfuko wa kilo 25 kwa 45,000 ungemshushia kilo hadi 1,800, na ndoo ya mafuta ya lita 20 kwa 110,000 ingeshusha lita hadi 5,500. Hapo anaokoa 1,500 kila siku, na faida inapanda kutoka 3,500 hadi 5,000. Pengo lake basi ni shilingi 155,000. Laki tano hazihitaji, na akizipewa, zile 345,000 zilizozidi zitaishia kwenye kodi ya nyumba huku riba yake ikilipwa na chapati.

Kuna mtego mmoja. Mfuko unaisha baada ya siku tano. Asipotenga 9,000 kila jioni kwa ajili ya unga na 5,500 kwa ajili ya mafuta, siku ya sita atarudi kununua kwa kilo na mkopo utakuwa umeyeyuka. Bahasha mbili zenye majina zinatosha kwa kazi hiyo.

Riba unayotajiwa na riba unayolipa

Mkopeshaji anakwambia: laki tano, riba asilimia 20, mwezi mmoja, marejesho kila wiki. Anakata 25,000 ya fomu papo hapo, unaondoka na 475,000. Kila wiki unarudisha 150,000, mara nne. Jumla 600,000.

Pesa uliyoitumia kweli ni ngapi? Wiki ya kwanza ulikuwa na 475,000, ya pili 325,000, ya tatu 175,000, ya nne 25,000. Wastani ni 250,000. Umelipa 125,000 zaidi ya ulichopokea, kwa kutumia wastani wa 250,000 kwa mwezi. Hiyo ni asilimia 50. Piga hesabu hii kwa kila mkopo unaotajiwa, ukianzia kwenye kiasi kinachoingia mkononi. Kiasi kilichoandikwa kwenye fomu kitakudanganya.

Kwa taasisi ndogo za fedha zisizopokea amana, Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Mkopeshaji anayetaja 20 ama hana leseni au anaivunja. Omba kuona leseni yake ya Benki Kuu na upewe nakala ya mkataba. Akitaka kubaki na kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri, au kitambulisho chako cha taifa cha NIDA, ondoka. Kwenye simu ni hivyo hivyo: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zinazokopesha kidijitali bila kibali. Programu inayotaka kusoma majina yote kwenye simu yako inajiandaa kukuaibisha kwa wakwe na wateja siku utakayochelewa.

Pesa ya polepole

Kwa 155,000, kikundi cha VICOBA cha mtaani, cha kuweka akiba na kukopeshana, kinatosha kabisa. Riba ndogo ya mkopo inarudi kwenu wenyewe. Hakikisha tu kikundi kimesajiliwa: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi vya kijamii kama daraja la nne. Na sanduku la pesa liwe na funguo zaidi ya moja, kwa watu tofauti.

Pengo likiwa la mamilioni, mlango ni halmashauri. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Utaratibu ulisimamishwa Aprili 2023 na kurejea 2024 ukiwa na uhakiki mkali zaidi. Dar kuna milango mitano: Jiji la Dar es Salaam upande wa Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Usiende makao makuu kwanza. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, umuulize masharti ya sasa na muda wa maombi. Jiandae na katiba ya kikundi, cheti cha usajili, akaunti ya benki yenye jina la kikundi, mihtasari ya vikao, barua ya serikali ya mtaa na andiko la mradi.

Andiko ndilo linaloangusha wengi. Wananakili la kikundi kingine, kisha mkaguzi anafika na kukuta mradi wa kuku kwenye chumba kimoja cha kupanga. Andikeni mnachokifanya tayari, kwa namba za daftari lenu. Na vikundi vinavyokusanyika ili vigawane pesa siku ileile huwa na mwisho mmoja: mmoja anahama mtaa, wengine wanabaki na deni lake. Anzeni kuweka akiba pamoja miezi kadhaa kabla ya kuomba. Asiyeweza kuleta hisa ndogo kila wiki hataleta rejesho.

Kodi, na daftari tena

TIN, yaani namba ya mlipakodi, ni bure. Unaiomba TRA, mamlaka ya mapato, kwa namba ya NIDA, na kishoka anayekudai pesa getini anakuuzia kitu cha bure. Wengi wanaogopa kodi kwa sababu hawajaiona kwa namba. Mama wetu, ukitoa zile chapati tano zisizolipwa, anauza 25,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: milioni 7.8 kwa mwaka. Kwa viwango vya makadirio vilivyowekwa 2019, mauzo kati ya milioni 7 na 11 bila kumbukumbu hulipiwa 250,000. Mwenye kumbukumbu analipa 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, kwake ni 114,000. Kaunta buku imemwokolea 136,000, karibu kiasi chote alichokuwa anakwenda kukopa. Kodi hii inalipwa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba, kwa hiyo tenga 400 kila siku ya kazi.

Anayesindika chakula cha kufungasha, kama karanga, viungo au achari, aanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa mafunzo na barua ya utambulisho, ndipo aende TBS, shirika la viwango, Ubungo kwa alama ya ubora. Akienda TBS bila barua hiyo anajinyima nafuu iliyowekwa kwa ajili ya wadogo. Asichapishe maelfu ya lebo kabla ya cheti: kosa moja la maelezo kwenye lebo na zote zinatupwa.

Ukiona rejesho la wiki ijayo halitatimia, nenda kwa mkopeshaji au mweka hazina kabla ya siku yenyewe, ukiwa na daftari na nusu ya pesa. Omba marejesho yahamishiwe siku inayofuata mauzo yako makubwa. Kwa muuza chakula aliye karibu na viwanda vya Barabara ya Nyerere, hiyo ni siku baada ya mishahara, na afisa akiiona kwenye kurasa zako, ana kitu cha kuandika kwenye faili.