Somo: Pevingi za getini zimetitia? Fukua kwanza, usikimbilie tofali mpya

Wakuu, masika yakiisha malalamiko huwa yaleyale: pevingi zimebonyea karibu na geti, tofali zinacheza gari likikata kona, maji yanasimama mbele ya baraza. Ushauri wa mtaani nao ni uleule: nunua tofali mpya, au mwaga zege juu yaishe. Yote mawili ni kutupa hela. Tofali la pevingi lililotengenezwa vizuri ni nadra kuwa tatizo. Tatizo liko chini yake, na mara nyingi limeletwa na maji. Ukisawazisha juu bila kujua maji yametokea wapi, mvua zijazo zitakukuta palepale.

Pevingi zina faida moja ambayo zege halina: unang'oa, unatengeneza chini, unarudisha tofali zilezile. Fanya kazi hii wakati wa ukavu, Januari na Februari au kuanzia Juni, kwa sababu mchanga mbichi hauingii kwenye maungio hata uufagie mpaka jioni.

Kwanza soma shimo

Laza rula ndefu ya fundi, ile ya mita mbili, juu ya sehemu iliyobonyea. Kama uwazi chini yake haufiki sentimita moja na maji hayasimami, achana napo. Zaidi ya hapo, fukua.

Umbo la shimo linakupa nusu ya jibu. Likiwa mstari mrefu mwembamba, hapo chini pana mfereji wa bomba uliofukiwa bila kushindiliwa. Mistari miwili inayofuata matairi maana yake msingi ni mwembamba au ulimwagwa juu ya udongo laini. Tofali za pembeni zikiachana na kuacha nyufa za kuingia kidole, kebu (yale mawe ya zege ya ukingoni yanayobana pevingi) imesogea. Shimo likizunguka chemba, fungua mfuniko uchungulie: ukikuta mchanga umejilundika ndani, huo ndio mchanga wako, unapita kwenye ufa wa ukuta wa chemba kila mvua ikinyesha. Na kabla hujaamua lolote, funga bomba zote za nyumba kisha tazama mita ya maji. Ikiwa bado inazunguka, una mvujo ardhini, na fundi bomba anatangulia kabla ya fundi pevingi.

Angalia pia maji ya bati yanaangukia wapi. Bomba la gata linalotema maji moja kwa moja juu ya pevingi litakula mchanga wa maungio kwanza, kisha wa chini.

Hatua ya 1: Kung'oa

Tofali la kwanza ndilo gumu. Kwangua mchanga kuzunguka tofali moja, chomeka bisibisi bapa mbili pande zinazotazamana, lichezeshe huku unalinua. Likigoma, livunje kwa patasi na nyundo, maana kupoteza moja si msiba. Baada ya hapo mengine yanatoka kwa mkono.

Ng'oa kupita mpaka wa shimo, angalau nusu mita kila upande, ili upate mahali pazima pa kuanzia. Piga picha kabla. Kama mpangilio una rangi au michoro, andika namba kwa chaki. Kwangua mchanga uliogandia ubavuni mwa kila tofali. Wengi wanaruka hili, halafu wakifika safu ya mwisho wanashangaa tofali haliingii wakati ni lilelile lililotoka hapo.

Hatua ya 2: Msingi

Hapa ndipo somo lilipo, msipite haraka.

Ondoa mchanga wote wa zamani, usiuchanganye na mpya. Kisha simama juu ya msingi, kanyaga kwa kisigino. Ukiwa mgumu na mkavu, ni mchanga tu ulihama, nenda moja kwa moja hatua ya 3. Kisigino kikizama au ukiona tope, endelea kuchimba mpaka ukute ardhi ngumu. Kwa njia ya gari dogo, sentimita 15 za msingi ulioshindiliwa ndiyo kiwango cha chini ninachokikubali, na penye udongo laini nenda 20 au zaidi.

Jaza kwa moramu nzuri au kokoto zilizochanganyika na vumbi lake. Kifusi cha ukuta uliobomolewa, chenye vipande vya mbao na mifuko ya saruji, kisiingie hapo. Mwaga tabaka la sentimita 10, lowesha kidogo, shindilia, ndipo umwage jingine. Ukimwaga sentimita 20 kwa mkupuo ukashindilia juu, unakaza ngozi tu na chini kunabaki kulegea. Unyevu unaofaa unaupima kwa mkono: finyanga konzi, likishikana bila kuchuruzika maji, ni sawa.

Eneo kubwa linataka kompakta (mashine ya kushindilia) ya kukodi. Kwa mita mbili tatu, kishindilio cha mkono kinatosha ukiwa na subira: chuma bapa kizito chenye mpini, au gogo zito lililokatwa sawa. Miguu haitoshi.

Sehemu ya juu ya msingi iwe sentimita 8.5 chini ya usawa wa pevingi za jirani, kama tofali zako zina unene wa sentimita 6. Na mteremko uanzie hapa kwenye msingi, sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na ukuta wa nyumba. Mteremko hautengenezwi kwa mchanga. Ukiuweka mchanga mwingi upande mmoja na mchache mwingine, utatitia kwa viwango tofauti.

Hatua ya 3: Mchanga wa kulalia

Mchanga wa mto, wenye chembe kubwa na zenye kona. Fumba konzi moja, ukifungua mkono ukabaki na tope kiganjani, una udongo mwingi, mrudishie mwenye lori. Wa baharini usiutumie: una chumvi, na chembe zake laini za mviringo hazishikani.

Laza mabomba mawili ya chuma ya inchi moja juu ya msingi, yakiwa sambamba. Unene wao wa nje ni kama milimita 33. Mwaga mchanga katikati, uburute kwa rula ikiteleza juu ya mabomba, kisha toa mabomba na ujaze mifereji yake. Usiukanyage tena. Kwa mita 4 za mraba unahitaji toroli mbili hadi tatu.

Hatua ya 4: Kurudisha tofali

Anza kwenye ukingo uliobaki mzima. Shusha tofali wima likikwaruza mwenzake, usilisukume kwa pembeni kwa sababu litalima mchanga. Uwazi wa milimita 2 hadi 5 kati ya tofali na tofali ubaki. Tofali zikigusana kabisa zinamegeka kingo.

Sasa tazama kwa upeo wa macho. Tofali ulizorudisha zinatakiwa zisimame juu ya jirani kwa milimita 5 mpaka 10. Inaonekana kama umekosea levo, hujakosea. Kompakta ikipita zitashuka zikalingana. Ukizipanga zikiwa sawa tangu mwanzo, umejitengenezea shimo jipya.

Pitisha kompakta mara mbili, chini yake pakiwa na kipande cha mpira au zulia kuukuu ili isikwaruze. Bila kompakta, laza ubao mnene ugonge kwa nyundo kubwa, ukihama kidogokidogo. Usishindilie karibu na ukingo usio na kebu.

Hatua ya 5: Kujaza maungio

Mchanga laini mkavu, uliochekechwa kwa wavu wa dirisha wa kuzuia mbu. Mwaga, fagia kwa mshazari, shindilia, utashuka, fagia tena. Rudia mpaka usishuke. Mchanga huu ndio unaofanya tofali zisaidiane kubeba gari. Pasipo huo kila tofali linabeba peke yake. Baada ya wiki chache za matumizi, fagia mwingine.

Kebu

Kebu iliyosogea haisukumwi kurudi mahali pake ikaachwa hivyo. Chimba, iweke juu ya zege, na mgongoni, upande wa nje, ipigie zege tena mpaka karibu nusu ya kimo chake. Zege la mgongoni ndilo mafundi wengi wanalibana, kwa kuwa likifukiwa halionekani.

Utunzaji

Fagia mara kwa mara, kwa sababu vumbi na majani yakioza kwenye maungio ndiyo shamba la magugu. Oili ikimwagika, funika haraka kwa maranda au mchanga mkavu, acha inyonye, zoa, kisha sugua kwa sabuni ya unga na maji ya moto. Mashine ya presha itumike kwa kulaza mkono, na ukimaliza rudisha mchanga uliotoka. Ukoko wa kijani kivulini unatoka kwa brashi ngumu, lakini utarudi mpaka upunguze matawi jua lipige.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Wawili (Tegeta): Asante kwa somo mkuu. Fundi wangu alimwaga saruji kavu kwenye maungio akanyunyizia maji, akasema magugu hayataota. Sasa imepasuka na inatoka vipandevipande. Nifanyeje?

Jibu: Pole dada. Pevingi hucheza kidogo gari likipita, saruji haichezi, kwa hiyo ilikuwa lazima ipasuke. Na maji sasa yanaingia kwenye nyufa yakikosa pa kutokea. Penye ufa, kwangua kwa msumari mnene au bisibisi uweke mchanga. Pasipo na ufa wala kutitia, paache kwanza.

Ndago Zimenishinda (Morogoro): Nikiweka nailoni chini ya mchanga si zitakoma?

Jibu: Nailoni itazuia maji kushuka, mchanga utabaki umelowa na pevingi zitaelea. Magugu mengi mbegu zake zinatua juu, na hayo unayang'oa yakiwa machanga baada ya mvua. Ndago ni kesi nyingine, inachipua kutoka kwenye vitunguu vyake ardhini. Utakapong'oa pevingi kwa ukarabati, chimba vitunguu vyote uvitoe, usikate majani tu.

Bwana Likoni (Mombasa): Kabro (pevingi) zangu hazina hata mwaka, zimetoa unga mweupe. Ni feki?

Jibu: Si lazima kaka. Ni chokaa ya ndani ya saruji inayotoka na unyevu na kukauka juu. Piga brashi kavu, kwa kawaida hupungua yenyewe. Ubora upime kwa kukwaruza kwa msumari: likitoka vumbi kama ukuta wa udongo, hapo una haki ya kulalamika.

Kijana wa Mbugani (Shinyanga): Huku udongo ni mweusi wa mbuga. Nimeshatengeneza, kiangazi zinapasukana, masika zinanyanyuka.

Jibu: Udongo huo unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, kwa hiyo hakuna dawa ya juu. Chimba utoe mwingi kadiri mfuko unavyoruhusu, jaza moramu kwa matabaka, na tengeneza mifereji pembeni ili maji yasifike chini. Hata hivyo tegemea kurekebisha kidogo mara kwa mara.

Mpangaji (Kimara): Boza la maji linaingia kila wiki. Tofali ni za sentimita 6. Nikiimarisha msingi zitahimili?

Jibu: Kwa gari dogo, ndiyo. Boza lililojaa linataka tofali za sentimita 8, msingi mnene zaidi, na mpangilio wa miba ya samaki, ambao unashikana zaidi magurudumu yakikata kona. Nafuu kwako ni kuongeza urefu wa mpira wa kuvutia maji, boza libaki nje ya geti.