Kompyuta Mbili Nyumbani Hazipeani Faili: Jinsi ya Kuitafuta Kasoro Hatua kwa Hatua

Wateja wengi wanaoniita kwa tatizo la kupeana faili nyumbani hulieleza kwa sentensi moja: "Kompyuta hii haiioni ile." Mara nyingi nikifika nakuta fayawoli (kinga inayochuja miunganisho ya mtandao) imeshazimwa, nywila zimeshaondolewa, folda nzima ya diski C imeshafunguliwa kwa kila mtu, na bado faili hazifunguki. Nyumba imebaki wazi na shida iko palepale. Ninaandika mwongozo huu ili msomaji asipitie njia hiyo.

Sentensi ile ya wateja inaficha magonjwa mawili tofauti. La kwanza ni kutofikika, yaani kompyuta inayoomba faili haipati njia ya kwenda kwa mwenzake. La pili ni kukataliwa: njia ipo, hodi imepigwa, lakini mwenyeji amemuuliza mgeni yeye ni nani na hakuridhika na jibu. Dawa ya ugonjwa mmoja haitibu mwingine. Ukizima fayawoli wakati shida yako ni nywila, hutapata faida yoyote, na utakuwa umeondoa kinga bure. Kwa hiyo usibadilishe mpangilio wowote kabla hujajua unaumwa upi.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Kompyuta ya mezani inaitwa MEZANI, anwani yake ni 192.168.1.20, na ina folda iliyoshirikishwa kwa jina la Nyaraka. Kompyuta mpakato ndiyo inayoiomba folda hiyo. Zote mbili zinatumia Windows 10 au Windows 11.

Hatua ya 1: Soma anwani za kompyuta zote mbili

Kwenye kila kompyuta bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Katika dirisha litakalofunguka andika ipconfig na utafute mstari wa "IPv4 Address". Andika anwani zote mbili kwenye karatasi, maana utazirudia mara nyingi.

Anwani ikianza na 169.254, kompyuta hiyo imejipa anwani yenyewe baada ya kukosa ya kupewa na ruta, yaani kifaa kinachogawa intaneti nyumbani. Hapo kasoro iko kwenye waya, kwenye Wi-Fi au kwenye ruta yenyewe, na hakuna sababu ya kugusa mipangilio ya folda mpaka itakapopata anwani halali.

Zikiwa halali zote mbili, linganisha namba tatu za mwanzo. Katika mitandao ya nyumbani ya kawaida zinapaswa kufanana: 192.168.1.20 na 192.168.1.35 wako mtaa mmoja, ilhali 192.168.100.20 na 192.168.0.35 wako mitaa miwili. Tofauti hii naikuta sana tangu faiba ilipoanza kuingia majumbani, kwa sababu familia hupewa ruta moja na kampuni ya intaneti, kisha hununua ya pili ili mawimbi yafike vyumba vya nyuma. Ruta ya pili ikiunganishwa bila kupangwa, huanzisha mtandao wake ndani ya mtandao.

Niliwahi kukaa karibu saa nzima kwenye nyumba moja Tanga kwa sababu ya jambo hili. Kijana aliyekuwa ghorofani aliweza kufungua folda za kompyuta ya sebuleni kwa kuandika anwani yake, lakini kompyuta ya sebuleni haikuweza hata mara moja kufungua folda za kijana. Kila mtu aliamini kwamba mpakato wa kijana ndio mbovu. Ukweli ni kwamba ruta ya ghorofani ilikuwa inaficha vyote vilivyo nyuma yake: kilicho ndani kiliweza kutoka, kilicho nje hakikuweza kuingia. Ukikuta kupeana faili kunafanya kazi upande mmoja tu, kabla ya jambo jingine lolote hesabu ruta zilizomo nyumbani.

Tiba yake ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta ya pili na kuchagua "Access Point", ili isambaze mawimbi tu na kazi ya kugawa anwani ibaki kwa ruta ya kwanza. Kama chaguo hilo halipo, ipe ruta ya pili anwani ya mtaa wa ruta ya kwanza isiyotumiwa na kifaa kingine, zima huduma yake ya DHCP (ya kugawa anwani), kisha hamisha waya unaotoka ruta ya kwanza kutoka tundu la WAN (la kupokea intaneti) uuchomeke kwenye mojawapo ya matundu ya LAN (ya vifaa vya ndani).

Hakikisha vilevile kwamba mpakato haukuunganishwa na Wi-Fi ya wageni. Mtandao wa wageni hutengenezwa makusudi ili vifaa visionane, na kwa kuwa intaneti yake inafanya kazi vizuri kabisa, hakuna anayeushuku.

Hatua ya 2: Iombe folda kwa amri, upate namba

Watu wengi hufungua sehemu ya "Network" na kusubiri ikoni ya kompyuta ya pili itokee. Usiutegemee ushahidi huo. Huduma inayotangaza majina ya kompyuta si ile inayotoa faili, hivyo kompyuta inaweza isionekane na bado ikafunguka, au ikaonekana na isifunguke. Mimi hutumia amri, kwa sababu amri ikishindwa hutoa namba, na namba hutofautisha magonjwa ambayo madirisha ya Windows huyaeleza kwa maneno yanayofanana.

Kwenye kompyuta ya mezani andika net share. Utaona orodha ya folda zilizoshirikishwa na majina yake. Kisha kwenye mpakato, katika dirisha la kawaida la amri, andika mstari huu, ukiweka jina la mtumiaji wa kompyuta ya mezani mahali pa neno jina:

net use \\192.168.1.20\Nyaraka /user:MEZANI\jina *

Kinyota cha mwisho kinaifanya Windows ikuombe nywila. Herufi hazionekani unapoziandika, na hilo ni kawaida. Ukifanikiwa, folda iko tayari. Ukishindwa, utaona maneno "System error" yakifuatiwa na namba. Namba 53 maana yake njia haikupatikana, nenda hatua ya 3. Namba 67 maana yake mara nyingi kompyuta imefikiwa lakini folda yenye jina hilo haipo, basi rudi kwenye orodha ya net share na ulinakili jina herufi kwa herufi. Namba 1326, 1327 na 1219 zinahusu utambulisho, ambao ni hatua ya 4. Namba 5 ni ruhusa, hatua ya 5.

Hatua ya 3: Namba 53, njia haipatikani

Anza na jambo jepesi: je, kompyuta ya mezani imelala? Kompyuta iliyosinzia haipokei mgeni, na nyingi hupangwa kusinzia baada ya dakika chache bila kuguswa.

Ikiwa iko macho, fungua PowerShell (dirisha jingine la amri la Windows) kwenye mpakato na uandike:

Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445

Namba 445 ndiyo mlango ambao Windows hupokelea maombi ya faili. Mstari wa mwisho wa jibu, "TcpTestSucceeded", ukisema True, mlango uko wazi. Ukisema False, mlango umefungwa au hakuna aliyeufikia. Jaribio hili nalithamini kuliko ping (amri ya kupima kama kompyuta inaitika), kwa kuwa fayawoli inaweza kuzuia ping huku faili zikipita, au kuruhusu ping huku mlango wa faili umefungwa.

Sababu ninayoikuta zaidi ya mlango kufungwa ni kwamba Windows inauona mtandao wa nyumbani kama mtandao wa hadharani, sawa na ule wa hotelini. Kwenye kompyuta ya mezani fungua "Settings", ingia "Network & internet", bofya jina la mtandao uliounganishwa, na uchague "Private network". Chagua hivyo kwa mtandao wa nyumbani kwako tu. Kisha tafuta "Advanced sharing settings", na chini ya "Private networks" uwashe "Network discovery" pamoja na "File and printer sharing". Chaguo hilo la pili ndilo linalofungua mlango 445 kwa majirani wa mtandao huohuo, na ndiyo maana hakuna haja ya kuzima fayawoli nzima.

Mlango ukikataa hata baada ya hapo, angalia kama programu ya kuzuia virusi imeleta fayawoli yake yenyewe, na kama kuna VPN (programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye mtandao mwingine) inayoendelea kufanya kazi kwenye mojawapo ya kompyuta.

Hatua ya 4: Namba 1326, mwenyeji hakutambui

Hapa ndipo penye taabu nyingi, na chanzo kikubwa ni PIN. Mwenye kompyuta ameizoea PIN yake ya tarakimu nne kiasi kwamba anaamini ndiyo nywila. Lakini PIN ni ya kufungulia kompyuta ukiwa umekaa mbele yake, nayo haikubaliwi kupitia mtandao hata ukiiandika mara mia. Mtandao unataka nywila yenyewe ya akaunti, na kwa akaunti ya Microsoft hiyo ni nywila ya akaunti hiyo ya Microsoft, ambayo huenda mwenyewe hajaiandika tangu siku aliyonunua kompyuta. Akaunti isiyo na nywila kabisa nayo hukataliwa, na hapo ndipo namba 1327 hutokea.

Sipendi kuzisumbua akaunti za watu kwa ajili hii. Mimi hutengeneza akaunti moja ya kupeana faili tu. Kwenye kompyuta ya mezani fungua dirisha la amri kwa kuchagua "Run as administrator", kisha andika:

net user familia * /add

Utaombwa nywila mara mbili. Sasa bofya folda ya Nyaraka kwa kitufe cha kulia, ingia "Properties", fungua kichupo cha "Sharing", bonyeza "Share", mwongeze familia, na uchague kama atasoma tu au atasoma na kuandika. Rudi kwenye mpakato, urudie amri ya hatua ya 2 kwa kuandika MEZANI\familia.

Usiishie hapo. Akaunti iliyotengenezwa kwa amri hii hupewa nywila yenye ukomo, na kwa kawaida ya Windows ukomo huo ni siku 42. Familia moja ilinipigia simu mwezi mmoja na nusu baada ya mimi kuondoka, ikisema folda imekufa ghafla na hakuna aliyegusa kitu. Walikuwa wanasema kweli, hakuna aliyegusa. Siku zilikuwa zimekwisha. Tangu hapo siondoki bila kufungua PowerShell ya msimamizi na kuandika:

Set-LocalUser -Name familia -PasswordNeverExpires $true

Kuna kasoro nyingine inayofanana na hii. Windows hukumbuka nywila ulizowahi kutumia, na huendelea kutuma ya zamani bila kukuuliza. Kwenye mpakato fungua "Credential Manager", ingia "Windows Credentials", na ufute kila mstari wenye jina MEZANI au anwani yake. Ukiona namba 1219, maana yake tayari umeingia kwenye kompyuta hiyo kwa jina jingine, na Windows haikubali majina mawili kwa mwenyeji mmoja kwa wakati mmoja. Andika net use * /delete ili kukata miunganisho yote, kisha jaribu upya.

Hatua ya 5: Namba 5, unatambulika lakini huruhusiwi

Folda ya Windows ina ruhusa za aina mbili: za mtandao, zilizo kwenye kichupo cha "Sharing", na za diski, zilizo kwenye kichupo cha "Security". Anayekuja kupitia mtandao hupimwa kwa zote mbili, na ile kali zaidi ndiyo hushinda. Ndiyo maana mtu huweza kuwapa wote "Full Control" kwenye "Advanced Sharing", akashangaa bado wanakataliwa: kitufe hicho hakigusi ruhusa za diski. Kitufe cha "Share" nilichokitaja juu hupanga zote mbili pamoja, na kwa nyumbani kinatosha. Ikiwa folda inafunguka lakini faili moja ndani yake inakataa, angalia kichupo cha "Security" cha faili hiyo, kwa kuwa faili iliyohamishwa kutoka folda nyingine ya diski hiyohiyo inaweza kubaki na ruhusa zake za awali.

Vifaa vya zamani

Ruta yenye tundu la diski ya USB au hifadhi ya mtandao ya miaka mingi inaweza kuwa inajua SMB1 pekee, toleo la kwanza la itifaki ya kupeana faili. Windows 10 ilianza kuiondoa SMB1 katika toleo la 1709 la mwaka 2017, mwaka uleule ambao kirusi cha WannaCry kilienea duniani mwezi Mei kwa kupitia udhaifu wake. Video nyingi zinafundisha jinsi ya kuirudisha. Nakuomba usiirudishe. Tafuta kwanza sasisho la kifaa, na likikosekana, chomoa diski uichomeke kwenye kompyuta ya mezani na uishirikishe kutoka hapo. Vilevile Windows 11 Pro toleo la 24H2 inakataa kuingia kama mgeni asiye na nywila kwenye kifaa kingine, kwa hiyo kifaa kilichokuwa wazi kwa wote kitakataa ghafla baada ya sasisho, na dawa ni kukiwekea jina na nywila.

Hatua ya 6: Kabla ya kufunga kazi

Ingia kwenye ruta na uifungie kompyuta ya mezani anwani yake, ili isije ikapewa nyingine umeme ukikatika. Kisha kwenye mpakato andika amri mbili: ya kwanza itakuomba nywila na kuihifadhi, ya pili itaifanya Nyaraka itokee kama diski Z kila unapowasha kompyuta:

cmdkey /add:192.168.1.20 /user:MEZANI\familia /pass

net use Z: \\192.168.1.20\Nyaraka /persistent:yes

Ikikataa kwa namba 1219, kata kwanza miunganisho ya majaribio kama ilivyoelezwa katika hatua ya 4. Mwisho, rudisha kila kilichozimwa wakati wa kuhangaika: washa fayawoli kwenye kompyuta zote mbili, washa "Password protected sharing", na uondoe diski C kwenye orodha ya vilivyoshirikishwa kama kuna aliyeiweka. Ukimaliza, zima kompyuta zote mbili, ziwashe upya, na ufungue faili moja kutoka diski Z.